Mtoto Aliyevijua Viatu vya Mwalimu

Katika shule moja ya msingi pale Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, watoto wa mwaka wa tatu walivijua viatu vya Mwalimu Ezira Rwakabuba kuliko walivyojua jedwali la kuzidisha. Walijua kwamba cha kushoto ndicho kilichoanza kuachama. Walijua siku aliyobadilisha kamba, na kwa kutazama vumbi walijua kama amepitia njia ya kisimani au ya kanisani. Alipowasemesha, nyuso zao zilishuka zote pamoja, na Ezira akiviona vile vichwa vilivyoinama alisikia raha ya mkulima mbele ya mtama uliokomaa.

Adabu hiyo alitoka nayo milimani kwao, Kivu Kusini. Baba yake alikuwa mfugaji, na alimlea kwa neno moja: ng'ombe ndiye anayemtazama mtu usoni, mtoto anatazama chini. Vita viliwanyang'anya ng'ombe, lakini neno lile Ezira alilivusha mpaka Nakivale bila kukwaruzika. Mkewe Georgette alichoka nalo zamani. "Papa," alimwambia siku moja akimwaga mchele mbovu uani, "hata kuku wetu siku hizi wananiinamia."

Kati ya watoto wote, aliyemtia fahari zaidi alikuwa Ikirezi. Mwanzoni mwa mwaka mtoto huyu alikuwa balaa. Alimkodolea macho kila mtu mzima: mwalimu, mchungaji, mgeni aliyekuja na gari. Alimtazama mtu mdomoni kana kwamba anangoja kitu kidondoke. Kanisani watu walimcheka mama yake. Ezira akamshughulikia mwenyewe, kwa upole na bila fimbo, akimshusha kidevu kila alipokiinua, mpaka Ikirezi akainama vizuri kuliko wenzake. Kweli, tangu hapo alama zake nazo ziliinama. Ezira aliliona hilo, akajiambia kwamba pengine kichwa cha mtoto hakina nafasi ya vitu viwili kwa wakati mmoja.

Mama yake, Kanyange, hakuridhika na hesabu hiyo. Alimkuta Ezira akifunga begi la safari.

"Mwalimu, heshima amepata, ninakushukuru. Lakini mu kichwa hakuna kitu."

"Mama Ikirezi, mtoto wako ni mpole."

"Hata jiwe linanyamaza. Shangazi yake wa Bwizibwera iko anakusanya maziwa, anatafuta mutu wa kuosha madebe. Nitamupatia Ikirezi. Debe haimuulize mutu hesabu."

"Ngoja basi nirudi kutoka Mbarara. Tumeitwa kujifunza namna ya kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu."

"Bale banani?"

"Vipofu, viziwi, wale wa viti vya magurudumu."

"Wangu hana kiti," alisema Kanyange. "Lakini sawa, nitangoja urudi."

Ezira naye alijua darasani mwake hamna mtoto wa namna hiyo. Alikwenda kwa sababu ametajwa jina, na kwa sababu walisema kutakuwa na chai.

Mafunzo yalifanyika Ruti, pembezoni mwa Mbarara, katika ukumbi wa kukodi kando ya barabara ya Kabale, ambapo malori yalipita yakinguruma siku nzima. Mkufunzi alikuwa Madamu Kembabazi, Mnyankore mfupi mwenye sauti ya kutulia. Asubuhi ya kwanza aligawa pamba.

"Weka kwa masikio, yote mbili. Mimi nitasema kazi ya kufanya. Wewe fanya."

Wakajiziba. Madamu akaanza kusema polepole, malori yakapita, na walimu wakageuka mawe. Ezira alifanya alivyolelewa: mtu akikufundisha, inamisha uso. Aliinamisha. Akakaa humo ndani ya ukimya kama mtu aliyetumbukia mtoni, akingoja neno limfikie, na neno halikuja. Mwishowe shingo ikamshinda. Akainua macho, akayagandisha kwenye midomo ya Madamu, akaona kitu kama *di*, kitu kama *sha*. Akainuka, akaenda kufungua dirisha.

Madamu akapiga makofi. Mwalimu Astère, Mrundi waliyefundisha naye Rubondo, akatoa pamba yake haraka.

"Mukubwa, wewe ndiye wa kumkodolea hivyo mwanamke wa watu? Nitamwambia Georgette."

"Nilikuwa natafuta maneno."

"Wote husema hivyo."

Ukumbi ukacheka, na Ezira akacheka nao. Halafu kicheko chake kikakatika peke yake. Alikuwa amekiona kidevu cha Ikirezi kikiinuka, na kidole chake mwenyewe kikikishusha.

Saa ya chai hakugusa andazi. Alimfuata Madamu.

"Madamu, kama mtoto hasikii vizuri, halafu mtu akamfundisha kutazama chini?"

"Sebo, bwana wangu, huyo anamfunga mtoto masikio mara ya pili. Nani alimfundisha hivyo?"

"Mwalimu wake."

"Huyo mwalimu mlete hapa tumfundishe."

"Ameshaletwa," alisema Ezira.

Madamu akamtazama, akamsukumia andazi. Siku zilizobaki Ezira aliuliza maswali mengi hata Astère akalalamika kwamba chakula kinapoa. Alijifunza kumweka mtoto mbele, penye mwanga, kusema akiwa amemgeukia, na kumpeleka apimwe masikio. Yote yalionekana mepesi.

Jumapili, baada ya ibada, alimweleza Kanyange. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Ulisema ng'ombe ndiye anatazama."

"Nilisema."

"Kanisa yote ilinicheka, ukamunyoosha. Sasa unataka nimupinde tena?"

"Hasikii vizuri, Mama Ikirezi. Alikuwa anasikia kwa macho."

Kanyange alikumbuka homa iliyomshika Ikirezi alipokuwa mchanga, lakini hakumpa mwalimu ushindi huo. "Wifi yangu anapita kesho asubuhi kumuchukua. Nitakaa nyuma ya darasa. Nikiona kitu, mutoto anabaki. Nikikosa, anaenda ku madebe."

Kesho yake Ezira alimweka Ikirezi mbele, karibu na dirisha. Akatangaza kwamba kuanzia leo ruhusa kumtazama mwalimu. Hakuna aliyetazama; walidhani ni mtego. Basi akasogea, na kile kidole kilichozoea kushusha kikakiinua kidevu polepole.

Macho ya Ikirezi yakamfikia. Yalikuwa makubwa, yenye njaa, na hayakupepesa.

Hapo ndipo Ezira alipogundua ambacho Ruti hawakumfundisha. Katika maisha yake yote hakuna mtoto aliyewahi kumtazama hivyo mfululizo. Akaugeukia ubao. Akakumbuka kwamba haruhusiwi kumpa mtoto kisogo, akageuka tena, akayakuta macho yako palepale. Basi swali lake akaviuliza viatu vyake mwenyewe: "Bidoni ya lita ishirini, tukimwaga nusu, zinabaki lita ngapi?"

Ikirezi alitafuta mdomo, akapata upara.

Nyuma ya darasa Kanyange akajifunga kitenge vizuri, akainuka.

"Mwalimu," ikasema sauti kubwa kupita kiasi, ya mtu asiyeisikia mwenyewe, "inua uso."

Darasa likakauka. Mtoto kumwamuru mkubwa lilikuwa jambo ambalo hata watundu wa darasa hawakuwahi kuliota. Kanyange akarudi kukaa.

Ezira akainua uso. Ulimchukua muda, kama bendera inayopanda bila upepo. Akarudia swali, na masikio yake yakiwaka moto, akavumilia kutazamwa mpaka neno la mwisho.

"Kumi," alisema Ikirezi.

"Tukiongeza tano?"

"Kumi na tano." Kisha, kwa kuwa sasa aliuona vizuri ule mdomo, akaongeza: "Mwalimu, iko maharagi ku meno."

Nje honi ikalia. Kanyange akatoka, na kupitia dirishani darasa zima likamsikia.

"Wifi, enda tu. Huyu mutoto hawezi kazi yako. Amekuwa na adabu mbaya kabisa, anatuma hata mwalimu wake. Madebe osha mwenyewe."

Ezira alitamani sana kuvitazama viatu vyake. Ikirezi alikuwa bado anamtazama, kwa hiyo hakuthubutu.