Pua ya Mbwa na Sweta ya Wifi

Sabuni tulizofunga kiwandani zilikuwa za kuogea, rangi ya waridi, na harufu yake haikuishia kwenye ngozi. Nilipokula ugali niliionja. Nilirudi kibaruani Industrial Area mtoto wangu wa kwanza akiwa na miezi minne tu, kwa sababu nafasi ya kibarua haimngojei mzazi. Mume wangu akamwita dada yake kutoka Kakamega aje akae na mtoto. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi wifi yangu nilimpa mtoto.

Tulikaa mtaa wa Jericho, vyumba viwili na ua mdogo. Wifi hakuwa mtu wa kukaa bure. Haukupita mwezi akawa anauza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, sokoni, mtoto mgongoni, na jioni sweta yake ya kahawia ilinuka omena, moshi wa makaa na jasho. Wala hakujali.

Aliyenikataa kwanza alikuwa mbwa. Nilikuwa nimemlea mwenyewe tangu akiwa kitoto, nikimpa uji kwenye sufuria iliyotoboka. Juma lile la kwanza nikitoka kazini, alinibwekea langoni kama mwizi. Alipotambua sauti yangu akaja, akaninusa viatu, pindo la sketi, kiganja, akapiga chafya, kisha akarudi kulala miguuni pa wifi. Watoto waliokuwa wakicheza nje walicheka hadi wakakaa chini.

"Mathe, hii mbwa yako imekuruka, haikujui tena!"

Nilicheka nao. Ingekuwa ni mbwa peke yake, ningeendelea kucheka. Lakini mtoto naye alianza kugeuza uso. Nilikuwa nikimpakata, namtolea titi, ananusa, anakunja uso, analia akimtazama wifi. Mchana kutwa maziwa yalikuwa yakinijaa kazini hadi blauzi ikalowa, nikawa nayakamua chooni na kuyamwaga. Jioni nilimletea yaliyobaki, naye hayataki. Anakunywa uji wa wifi.

Jioni moja mume wangu aliokota karatasi iliyofungiwa omena, ukurasa wa gazeti la zamani la Kiingereza, akaanza kututafsiria. Ilikuwa habari ya mbwa mwitu wa nchi za baridi. Kumbe kitoto chake huzaliwa hakioni wala hakisikii, na pua ndiyo inayokipeleka kwa mama yake. Wakubwa wakirudi kutoka mawindoni, wenzao huwanusa mdomo na manyoya, wakajua walikokuwa na walichokula. Na mbwa mwitu akikuta harufu ngeni, hujigaragaza juu yake awapelekee wenzake wainuse.

"Ndiyo maana huyu wetu anakukagua kama askari wa geti," akasema.

Wifi alicheka, huku akimpigapiga mtoto wangu mgongoni. Nilitamani kumnyang'anya. Mimi ndiye niliyekuwa natoka mawindoni, nikirudi na harufu isiyomfaa mtu yeyote nyumbani mwangu.

Nilijisugua kwa jivu. Nikajaribu ndimu, nikajaribu sabuni ya kipande ya kufulia hadi mikono ikapasuka. Mbwa aliendelea kupiga chafya. "Wifi, unanukia kama bibi harusi," wifi aliniambia. "Kuna wanaoitafuta hiyo harufu na hawaipati." Ulikuwa utani wa wifi kwa wifi, najua leo. Siku ile nilisikia dharau tupu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nikaanza kumtafutia makosa. Uji mwepesi. Kitambaa hakikukazwa vizuri mgongoni. Siku moja nikamwambia waziwazi kwamba ananinukishia mtoto omena. Alichemsha maji, akamwogesha, na mtoto akawa anacheka naye ndani ya beseni. Nilitoka nje nisiwasikie.

Jumamosi moja nilitoka kazini mapema. Wifi akaniachia mtoto kitandani, akaivua sweta akaitundika msumarini, akaenda mferejini kuchota maji. Mtoto akaanza kulia. Nilimpa titi akalisukuma kwa mikono yote miwili. Nilimpa tena. Akalia hadi sauti ikakauka, na mimi nikawa nimesimama katikati ya chumba, ninamtazama mtoto niliyemzaa kama ninayetazama mlango uliofungwa kwa ndani.

Nikaichukua sweta ya wifi, nikaivaa.

Mbwa aliinuka pale mlangoni. Akanusa pindo, mkia ukaanza kucheza, akaja akalala juu ya miguu yangu. Nikampakata mtoto. Alizika pua kwenye ile sufu chini ya kwapa, akavuta pumzi ndefu, kilio kikakatika. Kisha akafungua mdomo mwenyewe, akanyonya. Maziwa yalishuka kwa uchungu hadi nikauma midomo. Machozi yalinitoka, wala hayakuwa ya furaha peke yake. Alininyonya mimi, na aliyekuwa akimtafuta ni wifi.

Wifi alirudi na mtungi wa maji. Alisimama mlangoni, akaniona nimekaa ndani ya sweta yake. Nilimngoja acheke. Nilikuwa na tusi tayari kabisa, limenikaa kwenye ncha ya ulimi. Aliuweka mtungi chini polepole asimshtue mtoto.

"Usiivue, wifi," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho mchana nitaivaa mimi, jioni utaivaa wewe."

Tukafanya hivyo. Kila jioni nikiingia, aliivua palepale mlangoni, ingali na joto la mwili wake, akanipa kwa mikono miwili. Hakuwahi kumwambia kaka yake wala mtu yeyote mtaani. Nilimnyonyesha mwanangu ndani ya sweta hiyo mpaka akaanza kutembea, na kila jioni niliipokea kama ananirudishia kitu alichoniibia. Sikumwambia asante hata siku moja.