Mchoma mkaa wa Masaki na chupa ya mafuta ya bangi

Jua ndiyo kwanza linapenya kwenye mikorosho ya Masaki, wilayani Kisarawe. Mashaka Mwishehe (52) analizunguka tanuru lake la mkaa, akiburuta kidogo mguu wa kulia. Anainama, anaziba tundu kwa udongo, anaweka kiganja juu yake. Moshi umekatika tangu jana.

"Nilifukue?" anamuuliza mkewe, Hajra.

"Thubutu!"

Wanacheka wote wawili. Miezi michache iliyopita, hakuna aliyecheka katika nyumba hii.

Mwaka jana Mashaka alianguka akikata magogo. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukawa hauinuki. Presha ilikuwa imepanda, mshipa ukapasuka, damu ikavujia kwenye ubongo. Alilazwa wiki tano, akarudi nyumbani na vidonge vya presha vya kumeza kila siku.

"Nilimeza, kichwa kikaacha kuuma," anasema. "Nikajua yameisha."

Ndipo mpwa wake, Latifu, kibarua wa kiwanda kimoja Zegereni, Kibaha, akaja na chupa ndogo ya mafuta. Muuzaji alimwambia ni kanabidioli, kitu kinachotoka kwenye bangi lakini hakilevyi. Latifu alikuwa amesoma kwenye simu kwamba wataalamu wanaijaribu kutibu ubongo uliovuja damu.

"Mjomba, hii ndiyo yenyewe."

"Na polisi je?" Hajra aliuliza.

"Kwani utawapelekea?"

Mashaka akaanza matone. Vidonge akaviacha kimyakimya.

Hajra aligundua alipoikuta pakiti ya vidonge imejaa, imefichwa kwenye gunia la mihogo mikavu. Hakugombana. Aliifunga chupa kwenye pindo la khanga, akampakia mumewe kwenye pikipiki, wakaenda kwenye zahanati moja Kibaha. Kipimo kilisoma 190 kwa 115.

"Nilijua akianguka tena namzika," anasema.

Daktari Evaline Leodegar aliitazama chupa, akaiweka kando.

"Utafiti upo, na unatia moyo," aliwaambia. "Kwa panya, kanabidioli imeonekana kupunguza uvimbe kwenye ubongo baada ya damu kuvuja. Kwa binadamu bado haijathibitishwa. Na humu ndani hatujui kuna nini. Hata ingekuwa yenyewe, inaweza kugongana na dawa nyingine, na haichukui nafasi ya vidonge vyako."

"Lakini daktari, kichwa hakiumi," Mashaka akabisha.

Hapo Hajra akashindwa kuvumilia. "Baba Ally, tanuru likiacha kutoa moshi, unalifukua siku hiyohiyo?"

Mashaka amechoma mkaa tangu ujana. Anajua ukitoa udongo wakati ndani bado kuna moto, hewa inaingia, na jasho lako lote linakuwa majivu.

Akaomba maji, akameza kidonge palepale.

Chupa ilibaki kwa daktari. Wiki iliyopita presha ilisoma 130 kwa 80, na Hajra anasema sasa analala bila kuamka kumsikiliza anavyopumua. Anayeleta vidonge kutoka Kibaha ni Latifu, ambaye kila akifika anapokelewa kwa swali lilelile.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leo hujaniletea majani?"

Mashaka anataka kuachana na mkaa taratibu, abaki na mikorosho, kazi ambayo mkono wake unaimudu. Habari ya kanabidioli hajaitupa.

"Wakimalizana na panya wao, daktari akaniandikia, nitainywa," anasema, akipigapiga udongo wa tanuru ambalo litafukuliwa likishapoa. "Waniambie tu. Mimi nipo."