Zamu ya Fausta

Fausta alizaliwa kambi ya mkonge huko Korogwe, akaolewa Kabuku, na hadi leo anauza vitumbua pale barabarani. Mimi kila nikipita huvinunua.

Juzi nilimkuta kwenye foleni ya daktari wa meno, yule anayekuja mara moja kwa mwezi na kuondoka saa sita. Shavu lilikuwa limemvimba. Ilipofika saa tano na nusu, zamu ikawa yake. Mara akaja Mzungu mmoja, kijana mpole, kajishika taya. Watu wote wakasogea.

"Apite, ni mgeni."

Fausta hakusogea. "Baba yangu naye alikuja hapa mgeni, katoka Msumbiji kukata mkonge. Yeye alipishwa na nani?"

"Mama, usitutie aibu," mwanamke mmoja akanong'ona.

Mzungu akauliza kwa lugha yake mama kasema nini. Mwalimu Enock, naye alikuwa foleni, akamjibu huku anatabasamu, kisha akatugeukia: "Nimemwambia mama anamsalimia." Tukacheka, roho zikatulia. Kijana akamwinamia Fausta kwa heshima, akaingia.

Kijana alipotoka ilikuwa saa sita, na daktari akafunga sanduku lake.

Jambo lile lilinikaa. Palepale nikamuuliza Enock kwa nini hakusema kweli, maana huenda kijana angekubali kungoja.

"Sikutaka mtu ajisikie vibaya, mzee."

"Mtu yupi?"

Fausta alikuwa ameshavuka barabara, kitenge kakibana shavuni, anarudi kungoja mwezi mwingine.