Niliandika Swali la Yule Mzee, Lawama Akabeba Mama

Admin, naomba ufiche jina langu, na usijibu kwenye namba hii maana simu ni ya binamu yangu. Ninachoandika hapa sijawahi kumwambia mtu yeyote.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne. Naishi mtaa wa Gerezani, karibu na Kariakoo, na mama, chumba na sebule. Mama ni muuguzi kwenye hospitali moja ya serikali hapa mjini. Mimi si msemaji. Hata mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake nalijua, sinyooshi mkono. Ninachokiweza ni kusoma na kuandika.

Mwaka huu wauguzi walianza kudai nyongeza ya mshahara na kulalamikia kikokotoo, yaani ile hesabu mpya ya mafao ya kustaafu. Aliyewaongoza nitamwita Bi Mwanahamisi. Ndiye aliyempokea mama kazini akiwa binti, akamfundisha kutafuta mshipa wa mtoto bila kumtesa. Anastaafu mwakani. Mama alikuwa akisema, "Mimi bado nina miaka mingi ya kazi. Hapa nampigania dada yangu."

Bi Mwanahamisi aliwaambia wenzake kwamba bila wananchi hawatafika popote. Basi waliokuwa mapumziko walivaa sare zao, wakaenda Kariakoo kugawa vipeperushi na kuomba sahihi za watu. Jumamosi moja niliwafuata Mtaa wa Msimbazi, nikabeba kalamu. Watu waliwapenda. Mama mmoja muuza vitenge aliwaletea maji ya kunywa. Kijana mbeba mizigo akasema, "Sista, nasaini, ila siku nikija mnichome taratibu." Mama akamcheka, "Mwili wote huo unaogopa sindano?" Sijawahi kumwona mama akiwa na furaha kama siku ile.

Siku ya kwanza ya mgomo, mama alirudi mapema, macho mekundu. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alikuwa kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nasoma. Nikamsikia mama akimsimulia kwamba walikuwa wamekaa watano kwenye benchi nje ya wodi, akaja mzee mwenye kidonda mguuni, siku yake ya kusafishwa. Akawatazama, akauliza, "Wanangu, mmenikasirikia mimi?" Akageuka na fimbo yake, akaondoka. "Nililia mbele ya wenzangu," mama akasema. "Hili liishie hapahapa."

Wiki iliyofuata shuleni kulikuwa na mdahalo: watumishi wa umma wasiruhusiwe kugoma. Tuliokota vikaratasi, nikaangukia upande wa kuunga mkono hoja. Mimi niandike, rafiki yangu, nimwite Nasra, aseme. Niliandika kurasa tatu, zikawa kavu kama kitabu cha uraia. Ndipo nikaliweka swali la yule mzee, na benchi, na wale watano. Nikajiambia huu ni mdahalo tu.

Nasra alilisema kwa sauti ya kizee inayokatika. Tukashinda. Nitakuwa muongo nikisema sikufurahi. Nilikwenda chooni nikacheka peke yangu.

Mwalimu wetu alirekodi kwa simu yake, akaituma kwenye grupu la wazazi kwa kujivunia. Kutoka hapo ikasambaa mji mzima. Watu wakaongezea kwamba mzee alifia palepale kwenye benchi. Mimi sikuandika hivyo.

Jumamosi mama alirudi Kariakoo na vipeperushi. Yule yule muuza vitenge akamwambia, "Sista, pita tu. Au na mimi umenikasirikia?" Wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Wauaji wamekuja!" Siku chache baadaye mgomo ukaisha. Wakarudi kazini mikono mitupu, wakaambiwa madai yao yanashughulikiwa.

Bi Mwanahamisi alikuja nyumbani, hakukaa. "Kwenye benchi tulikuwa watano," alisema. "Aliyelia ni wewe. Na binti kwenye video amevaa sare ya shule ya mwanao."

Mama akaniita, akanionyesha video kwenye simu. "Huyu si Nasra wenu? Nani alimwandikia?"

"Sijui, mama."

Mama akamgeukia Bi Mwanahamisi. "Dada, mwanangu huyu hata salamu anaitoa kwa shida. Unamjua."

Bi Mwanahamisi akaniangalia, akaondoka. Jioni ileile mama akaondolewa kwenye grupu la wenzake. Siku hizi anakula peke yake kazini. Na kwa kuwa alimsimulia mtu mmoja tu, alimpigia simu mama mdogo akamwambia asikanyage tena kwake. Mama mdogo alilia, akaapa. Mama hakumwamini. Aliniamini mimi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mzee alikuwa na haki ya kuuliza vile. Na Bi Mwanahamisi ana haki ya kustaafu bila hofu. Kwenye mdahalo unapewa upande mmoja tu. Nikimwambia mama, atajua aliyemponza ni mwanawe, tena kwa machozi yake mwenyewe. Nikinyamaza, nimemwachia mama mdogo mzigo wangu. Kaka na dada zangu, nishaurini. Mngekuwa mimi mngefanya nini?

*

Admin, naona hujaposti bado. Naomba uongeze hapa chini.

Leo nilishindwa kusubiri. Mama alirudi zamu, akakaa mlangoni kuvua viatu. Nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyemwandikia Nasra. Nilikuwa nyuma ya pazia." Alikuwa amevua kimoja. Alikishika muda mrefu, halafu akakivaa tena.

"Vaa viatu na wewe," akasema.

Tulitembea hadi kwa mama mdogo. Mlango ulipofunguliwa, mama akanisogeza mbele. "Haya, sema."

Nikasema. Kisha tukaenda kwa Bi Mwanahamisi, nikamwamkia, akaitikia, nikasema tena.