Nimemsingizia karani, na Alhamisi wanamfukuza

Admin, ficha jina langu ila sifa zangu usizifiche. Songea nzima hakuna wa kunigusa kwenye kompyuta, zenyewe zikiniona zinaniamkia shikamoo. Nina miaka 24, naishi Ruhuwiko. Kidato cha nne nilipata ziro, na wenye vyeti vyao ndio wananiita nikawawashie printa.

Mwaka huu chama kimoja cha wakulima huko Mpitimbi kikanichukua niwaingizie majina ya wanachama kwenye mfumo mpya wa kugawa mbolea. Wale wa ofisini walininunia tangu siku ya kwanza. Ukimuuliza mtu kitu, mpaka amalize chai. Nikasema sawa, kaeni na ushamba wenu. Sikumfundisha mtu hata kuiwasha kompyuta.

Aliyenikera zaidi ni karani, mzee mmoja na kaunta buku lake la orodha ya wanachama kalifunga kwa mpira wa baiskeli. Akaniambia, "Mwanangu, akina Komba wa huku ni wengi. Kabla hujafuta jina, niulize."

Nikamjibu, "Mzee, shikamoo yako nilikupa asubuhi. Sasa niache nifanye kazi."

"Haya, baba. Wewe ndiye msomi."

Wenzake wakacheka. Hasira ikanipanda, kila jina nililolikuta zaidi ya mara moja nikabakiza moja, mengine nikafuta.

Siku ya mbolea wakaja akina mama watatu, wote Maria Komba. Mfumo unamjua mmoja. Wawili wakarudi na baiskeli tupu, na sasa mahindi yao ni ya njano wakati ya jirani yanatoa mbelewele. Mmoja ni mjane, ana watoto wanne. Alinikunja shati mbele za watu: "We mtoto, mimi nimekufa lini?"

Nikaogopa. Nikasema karani alinipa orodha mbovu makusudi, kwa kuwa yeye huu mfumo mpya hautaki. Wakaniamini. Mzee kasimamishwa kazi, na Alhamisi kamati inakaa kumfukuza kabisa. Mwenyekiti anataka nisimame nieleze.

Haya, nitukaneni, ngozi yangu ngumu. Mkichoka mniambie, nikisimama pale niseme nini? Maana orodha haikuwa mbovu. Pembeni ya kila Maria, mzee aliandika jina la mume na kitongoji. Niliyaona yote. Sikuyaingiza kwa sababu aliyeyaandika ni yeye.