Nilikata taa ya betri ili mke wangu aimbe

Wakuu, habari za huko mliko. Vijana, marahaba kabla hamjanisalimia. Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa Mwankoko, Singida, na sitajipamba.

Mke wangu aliponiambia nikate ile taa nyekundu, nilipaswa kukataa.

Sikukataa.

Nianze na taa yenyewe, maana najua humu kuna mafundi.

Nilikuwa na rekoda ndogo ya zamani isiyoonyesha chaji. Nikaiundia boksi la betri sita za tochi, jumla volti tisa, na saketi ya kuonya: zena diodi ya volti 6.8, transista mbili, rezista chache na LED nyekundu. Betri zikiwa na nguvu, zena inapitisha umeme, transista ya kwanza inaizuia ya pili, LED inalala. Volti zikishuka karibu na saba na nusu, zena inafunga, ya pili inaamka, LED inawaka.

Fizikia ya form four ya enzi zetu. Hadi leo haijaniangusha.

Sababu ya kurekodi ni hii. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa na uvimbe shingoni. Daktari alitueleza wazi kwamba baada ya upasuaji sauti huenda isirudi kama ilivyokuwa.

Na sauti ile, wakuu... Akiimba nyimbo za Kinyaturu za kupura uwele, wapita njia walikuwa wanasimama wakijifanya wanafunga kamba za viatu.

Binti yetu Neema, aliye mbali, alituomba turekodi kwa simu. Simu yangu ni kitochi, inarekodi kama mtu yuko ndani ya debe. Nikamwambia rekoda yangu inatosha.

Betri sikununua mpya. Nilizianika juani juu ya mwamba, kama tulivyozoea tangu utoto. Nikapima, volti zimepanda. Nikaridhika.

Asubuhi ya safari ya hospitali alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Upepo ulikuwa umetulia, alizeti za jirani zimeinamisha vichwa. Akaanza.

LED ikawaka.

Akakatisha, akacheka. "Baba Neema, hilo jicho lako linanisimamisha kama trafiki. Likate."

"Linasema betri zimechoka."

"Si umezianika jana? Au jua la Mwankoko nalo ni feki?"

Tukacheka wote. Lakini nilijua, wakuu. Betri ya kuanika inasoma vizuri kwenye mita, ukiipa mzigo inaanguka. Ila duka lilikuwa mbali, gari lilikuwa njiani, naye alikuwa amechangamka. Nikachukua mkasi, nikakata mguu wa LED.

Akaimba.

Sijui kwa muda gani. Nilifumba macho, ikawa kama uwanja wa kupuria wa zamani. Vumbi jepesi la uwele likipanda, na waliotangulia wakirudi mmoja mmoja, bila haraka, kuja kuitikia.

Nilipofumbua, alikuwa anajifunga kanga yake, na kioo cha rekoda kimezimika. Nikadhani imejizima yenyewe baada ya kumaliza.

Rekoda ile umeme ukikatika kabla hujabonyeza stop, haihifadhi kitu. Nilikuja kujua wodini, baada ya upasuaji, nilipoweka betri mpya ili nimsikilizishe. Faili tupu. Nimeipeleka kwa mafundi, wameshindwa kuifufua.

Mama Neema yupo, amepona, namshukuru Mungu. Anaongea kwa kukwaruza. Nilipomwomba radhi alininong'oneza, "Si mimi niliyekwambia ukate?"

Hainipunguzii lawama. Fundi nilikuwa mimi.

Funzo: taa ya kuonya hatuiweki ili itupendeze. Ikiwaka, acha unachofanya, badilisha betri. Na betri za kuanika iachieni redio, si jambo lisilorudiwa. Mwenye swali la saketi, au aliyepatwa na kama haya, aandike hapa chini. Nitajibu kadiri macho yatakavyoniruhusu.

Kukata taa ile kumenigharimu sauti ya mke wangu. Wajukuu hawataisikia kamwe, na mimi mwenyewe nimeanza kuisahau.