Vya Watu, kwa Kitaliano

Ngo! Ngo! Mwiko wa Kahaso ukigonga sufuria, mtaa wa Bombolulu hujua darasa la Kitaliano limeanza.

"Sufuria yangu," husema kwa Kitaliano, na vijana wanaotafuta kazi katika hoteli za Nyali humwitikia.

"Sufuria yangu mimi!" Mwanarusi, jirani yake, hupaza sauti kutoka chumba cha pili. "Fundisha na cha kwako japo siku moja!"

Lakini Kahaso hana vitu. Kitaliano chenyewe alikiokota Malindi, akiwapikia Wataliano. Kwa hiyo "yangu" huifundisha kwa ndoo, mbuzi na ndala za wapangaji wenziwe.

Vijana humletea maneno ya Kiingereza ya hotelini awageuzie. Siku moja wakaleta taulo.

"Asciugamano," akasema.

"Mwalimu," akanung'unika Changawa, "kabla sijalimaliza, mgeni keshakauka."

Alichokuwa nacho Kahaso ni Kafedha. Gladys, mdogo wake Kahaso, alimwacha binti huyo angali ananyonya, akafuata mwanamume Changamwe. Kahaso akamlea hadi akachumbiwa na Mtaliano. Mama wa mchumba alipokuja kuwaona wakwe, Gladys naye akazuka, wigi kichwani kama kiota cha kunguru, akakalia kiti cha mama. Wazee wakamwacha, kwani kwao mlezi hamwondoi mzazi kitini mbele ya wageni. Mchumba hakuwa amefika, na Kafedha alifichwa chumbani kama ilivyo ada. Kahaso akapewa kigoda cha mkalimani.

Alitaka jambo moja tu: mgeni amjue kuwa ndiye mama.

"Mama ni yupi?" mgeni akauliza.

Kahaso akatafsiri. Gladys akajipiga kifua. "Mimi hapa! Mwanangu wa pekee, nimemlea kwa jasho langu!"

Mwanarusi, aliyefuata pilau tu, akapaliwa. "Jasho la Changamwe linafika huku?"

"Hebu tuheshimu wageni, dada," mzee mmoja akamkemea.

Wote wakamgeukia mkalimani. Angeweza kusema lolote, na hakuna ambaye angejua. Kahaso akamtafsiria mgeni maneno ya Gladys yote, na jasho lake.

Chakula kilipoletwa, akachukua birika na beseni, akainama kumnawisha mgeni mikono. Hapo akamnong'oneza kwa Kitaliano, taratibu mno:

"Kafedha hulala taa ikiwaka. Usimzimie."